Nani Aliriseti Mkanda?

Mtuhumiwa alikuwa amekwisha kukiri kabla Bu Pamularsih, mama mkaguzi wa ofisi ya kazi, hajavua kofia yake ya pikipiki. Mlinzi wa getini alimpa habari hiyo, karani wa mapokezi akairudia, na alipoingia ofisini kwa meneja akaikuta imeshachapwa, imelazwa mezani kando ya glasi ya chai. Alikuwa na mafua, mgongo ulimwuma, na tangu msimu wa kusaga miwa uanze hakuwa amepata Jumapili hata moja ya kulala. Alionja chai. Ilikuwa na sukari ya kutosha watu wanne, kama chai ya viwanda vyote vya sukari alivyowahi kuvikagua.

"Pole na safari, Bu," alisema Pak Hendrawan, meneja wa kiwanda cha Sumberlegi. Sauti yake ilikuwa laini na batiki yake ilinukia pasi. "Kwa kweli ofisi yenu ya kazi imejisumbua bure. Binti mwenyewe amekubali kosa. Polisi wanakuja alasiri kumchukua. Wewe tia saini tu, urudi ukapumzike. Hata sauti imekwisha."

"Sauti ni mafua, Pak. Macho bado yanaona. Naomba nione mkanda."

"Mkanda una nini tena?"

"Umeua mtu."

Aliyekufa aliitwa Paiman, fundi mitambo. Mapema wiki hiyo mkanda unaobeba makapi ya miwa kutoka kinuni kwenda kwenye boila ulikuwa umesimama, gogo limejikaza kwenye mnyororo. Paiman alishuka ndani ya mfereji wa mkanda kulitoa. Akiwa bado ndani, mkanda ukaondoka. Hospitali haikumwona akiwa hai. Kila mtu Sumberlegi alijua kwamba mkanda ukishatripu, yaani ukijizima wenyewe kwa hitilafu, haurudi mpaka mtu abonyeze riseti, na kitufe cha riseti kilikuwa kwenye meza ya Wuryani, aliyekuwa peke yake chumba cha mitambo, mahali pa kuongozea mashine zote.

"Kiwanda kizima tuna msiba," aliongeza meneja. "Marehemu ni mkwe wa Pak Tarmuji, msimamizi wetu wa umeme. Mzee mwenyewe tumemwambia akae nyumbani, hataki. Yuko kazini."

Pamularsih aliyashika hayo, akamwachia meneja chai yake.

Wuryani alikuwa amewekwa kwenye kantini, kwenye benchi la mwisho, sahani ya wali mbele yake haijaguswa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri mno, kama mtu anayekwenda kwenye hafla. Kando ya mguu wake palikuwa na begi dogo la nguo. Alijiandaa kwenda jela kwa adabu ile ile ambayo wengine huendea harusi, na Pamularsih alipoliona lile begi alipandwa na hasira, si kwa binti.

"Mbak Wur, nimesoma ulichosema. Unasema ulibonyeza riseti."

"Ndiyo, Bu."

"Kwa mkono upi?"

Binti alitazama mikono yake. "Wa kulia."

"Paiman alipokupigia simu kwamba mkanda umesimama, uliishika simu kwa mkono upi?"

"Wa kulia. Halafu nikawapigia watu wa boila, kwamba makapi yatachelewa."

"Simu hiyo hiyo, mkono huo huo."

"Basi labda ni wa kushoto, Bu."

"Labda?"

"Sikumbuki." Machozi yalimlenga. "Pak Hendrawan alisema mtu anaweza kugusa bila kujua. Alisema kwa upole, hakunigombeza hata kidogo. Alikuja mpaka nyumbani, Bu. Mkubwa kama yule, akakaa kwenye mkeka wetu, akanywa kahawa ya mama. Alisema nikikubali mapema kiwanda kitamtunza mwanangu mpaka nitoke. Sasa ningemwambiaje hapana, na amekaa kwenye mkeka?"

Pamularsih alipenga kamasi kwa muda mrefu. Alikuwa amezaliwa mwendo wa saa moja kutoka hapo, na alijua vizuri kwamba hata yeye, akiwa na umri ule, angesema ndiyo.

"Tuache mkono," alisema. "Niambie jambo jingine. Paiman alipopiga simu, mezani kwako kulikuwa na nini? Kengele ililia?"

"Hapana."

"Taa?"

"Ya kijani."

"Una hakika ilikuwa ya kijani?"

"Nilishangaa hata mimi. Nikamwambia, 'Mas, huku kwangu mkanda unatembea.' Akacheka. Akasema, 'Basi njoo dirishani uuone ulivyolala.'" Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya Paiman, na inaonekana hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Zamani mkanda ulikuwa ukitripu, taa inakuwaje?"

"Nyekundu, na kengele inapasua masikio. Kabla ya arusi ya miwa, ile sherehe ya msimu, ilikuwa balaa tupu, Bu. Zamu moja naweza kuriseti mpaka kidole kikaota sugu. Tangu arusi umetulia."

"Nani aliutengeneza?"

"Hakuna. Watu wanasema ni baraka."

Pamularsih alimsogezea ile sahani. "Kula, nduk, mwanangu. Usitie saini karatasi nyingine yoyote mpaka nirudi. Hata akikaa mkekani."

Chumba cha umeme kilikuwa nyuma ya vinu, na joto lake lilikuwa la kuchemshia yai. Pak Tarmuji alimngoja mlangoni, mzee mwembamba, kofia nyeusi kichwani, macho mekundu. Walisalimiana kwa kuinamiana. Alimpa pole ya msiba, na mzee akaipokea huku akitazama chini.

"Bu, mimi nadhani ni panya," alisema mara moja. "Njoo uone."

Alimwonyesha waya uliotoka kwenye kitufe cha riseti. Kweli panya walikuwa wameutafuna. Hapa na pale shaba ilionekana. Kama nyaya mbili zingegusana, inveta, lile sanduku linaloongoza mwendo wa mota, lingedhani mtu amebonyeza riseti. Lilikuwa wazo zuri. Lingemwepusha Wuryani na gereza, na lisingempeleka huko mtu mwingine yeyote. Pamularsih alitamani sana liwe kweli, maana angekuwa nyumbani kabla ya mvua.

Alizima swichi kuu, akaifungua inveta, kisha akakaa juu ya ndoo na kungoja taa ndogo ya ndani izimike, kwa sababu sanduku la namna hiyo hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kukatwa. Ilipozimika alichomoa waya, akaufunga kwenye mita iliyotakiwa kulia shaba zikigusana. Aliuvuta, akaukunja, akautikisa, akaupiga kwa bisibisi. Mwisho aliumwagia maji. Mita haikulia.

"Si panya, Pak."

"Jaribu tena, Bu. Siku ile pengine palikuwa na unyevu."

"Nimeumwagia maji."

Mzee aliuokota ule waya, akaupangusa maji kwa shati. Pamularsih alimtazama. Alikuwa amewahoji watu wengi waliotaka kosa liwaepuke, lakini huyu alikuwa wa namna nyingine. Alikuwa akimwombea Wuryani huku akikwepa kutazamwa.

Aliirudisha inveta kwenye umeme na kufungua orodha ya hitilafu kwenye kioo chake. Mzigo umezidi. Mzigo umezidi. Mzigo umezidi. Ilikuwa imejaa hitilafu hiyo moja, kwa zamu za juzi, za wiki iliyopita, zote baada ya arusi ya miwa.

"Mbak Wur anasema mkanda umetulia tangu arusi. Inveta inasema inatripu vile vile kama zamani. Mmoja ananidanganya."

"Mashine haidanganyi, Bu."

"Mashine hudanganya sana, Pak, zimeninyima usingizi miaka mingi. Ila hii haina mtoto wa kutunziwa." Alibonyeza tena. Kioo kikadai namba ya siri kabla ya kuonyesha mipangilio. "Namba?"

"Nimeisahau."

"Nani mwingine anaijua?"

"Mimi peke yangu."

Ukutani, juu ya swichi kuu, zilining'inia kufuli nyekundu za usalama, bado ziko ndani ya nailoni ya dukani. Fundi anayeingia kwenye mashine anatakiwa akate umeme hapa, apige kufuli, atembee na ufunguo. Hapa hakuna aliyefanya hivyo. Kwenda na kurudi ni mwendo, na boila haingoji. Mkanda ukitripu walishuka tu, wakiamini kwamba uliotripu umetripu. Pamularsih aligusa ile nailoni. Vumbi la makapi lilimbaki kidoleni.

Mota ilikuwa nzima, waya ulikuwa mzima, kitufe kilikuwa kizima. Mnyororo ulikuwa mchafu na mbovu kama ulivyokuwa kabla ya arusi. Mkanda haukupona. Ulichoacha ni kupiga kelele, na kuna njia moja tu ya inveta kutripu bila kengele na kurudi bila kidole cha mtu. Alijua ni ipi. Lakini akisema kwa mdomo, Pak Hendrawan angeijibu kwa sauti laini, na polisi walikuwa njiani.

"Sina haja ya namba," alisema. "Niitie meneja, na Wuryani. Na kamba ndefu."

Walikusanyika chumba cha mitambo, kwenye dirisha kubwa linalotazama mkanda chini. Pak Hendrawan alikuja akitazama saa. Wuryani aliketi kwenye kiti chake. Gogo lilikuwa limefungwa kamba, na kamba imeshikwa na wafanyakazi wawili juu ya jukwaa, mbali na mnyororo. Pamularsih mwenyewe alishuka kuhakikisha hakuna mtu mferejini, akapanda tena ngazi akihema, akajuta kuvuta sigara ujanani.

"Sasa naomba wote muweke mikono kichwani."

"Bu, mimi ni meneja."

"Hasa wewe, Pak. Nisije nikaambiwa umegusa bila kujua."

Mmoja wa wafanyakazi kule jukwaani alicheka, akajifanya anakohoa. Pak Hendrawan aliweka mikono kichwani taratibu. Pak Tarmuji alikuwa ameshaiweka zamani.

Pamularsih aliinua kidevu kuwaashiria, na gogo likashushwa kwenye mnyororo. Mkanda uliguna, ukavuta, ukasimama. Makapi yakaacha kumwagika. Mezani kwa Wuryani kengele haikulia, wala taa nyekundu haikuwaka. Ile ya kijani ilibaki inawaka vile vile, na chini mkanda umelala.

"Ndivyo ilivyokuwa," alinong'ona Wuryani. "Hivi hivi."

"Litoeni gogo."

Wale wawili walivuta kamba, gogo likatoka. Wakangoja. Pamularsih alikuwa anajua kinachokuja, na bado akajikuta akihesabu, kwa kuwa katika muda kama huo Paiman alikuwa mle chini, pengine akidhani ana nafasi yote ya duniani. Ulipita muda wa mtu kuinama, kuvuta, kujifuta jasho.

Mkanda ukaondoka wenyewe.

Wuryani aliutazama ukienda, mikono yake yote miwili juu ya kitambaa cha kichwa. Kisha akaanza kulia kwa sauti, mdomo wazi, na hakuishusha mikono, akiogopa labda hata sasa watasema ni yeye. Pamularsih alimshusha mikono mwenyewe, mmoja mmoja, akaiweka mapajani.

"Hii pengine ni kasoro ya waliotuuzia," alisema Pak Hendrawan.

"Si kasoro. Inveta imeambiwa ikitripu ingoje kidogo, ijiriseti, iendelee, na isipige kengele mpaka ijaribu ishindwe kabisa. Mtu amekaa akaipangia hivyo, mtu mwenye namba ya siri." Alimgeukia mzee. "Pak Tarmuji."

"Pak Tarmuji," meneja alidakia, sauti yake ikiwa laini zaidi, "umefiwa, umechoka. Si lazima useme kitu leo."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Pamularsih alihofia kwamba ataishia hapo, kwamba maisha yote ya kusema ndiyo Pak yatamshinda. Polisi wangemchukua yule binti na begi lake, na wakili wa kiwanda angeligeuza jaribio lile kuwa hadithi.

"Nimepanga mimi," alisema Pak Tarmuji. "Siku moja kabla ya arusi ya miwa."

"Kwa nini?"

"Mkuu wa wilaya alikuwa anakuja. Unajua siku ile, Bu. Ile miwa miwili inayovishwa kama bibi na bwana arusi ikishaingia kinuni, kitu chochote kisisimame mpaka magharibi. Kikisimama ni mkosi wa msimu mzima, watu wanasema kutakuwa na kifo. Na mkanda ulikuwa unatripu ovyo. Pak Hendrawan aliniambia hataki kujua nitafanyaje, ila usisimame mbele ya wageni, na kengele isilie."

"Sikukuambia uue mtu!"

"Hukuniambia, Pak. Kweli."

"Na baada ya sherehe?" aliuliza Pamularsih.

"Nilingoja aniambie nirudishe kama zamani. Alifurahi sana. Kila akipita ananishika bega, 'Pak Tarmuji, mkanda wako safi siku hizi.' Niliona haya kumharibia furaha. Nikasema, wiki ijayo. Wiki ijayo ikija nasema, ijayo." Akamtazama Wuryani. "Na hili la Mbak Wur... nilidhani panya atatosha. Nilitafuta kila kitu, Bu, nikakuta panya."

"Ungenieleza tu! Mimi ningejuaje?" Pak Hendrawan alikuwa bado ameweka mikono kichwani, inaonekana aliisahau.

"Hukuuliza, Pak."

Lilikuwa jibu la adabu, limesemwa polepole, na mle chumbani hakuna aliyewahi kumsikia mzee akimjibu mkubwa. Meneja alishusha mikono, akatafuta pa kuiweka.

Pak Tarmuji aliandika maelezo yake palepale, akatia saini, na Pamularsih akawapigia polisi simu kwamba yule wa kumfuata si yule tena na kwamba kuna jina la pili la kuandika, la mwenye kiti kikubwa. Upande wa pili wa simu walikuwa wazito kuelewa, akalazimika kurudia mara kadhaa kwa sauti iliyokauka. Alipotazama dirishani Wuryani alikuwa akivuka uwanja kuelekea getini, begi mkononi, akitembea upesi kama mtu anayehofia kuitwa arudi.

"Naomba kitu kimoja," alisema mzee. "Binti yangu nimwambie mwenyewe. Asisikie getini."

Sheria haikumruhusu. Lakini Pamularsih alikuwa amechoka na sheria tangu asubuhi, na mzee hakuwa wa kuachiwa usukani hali ile, basi akampakia nyuma ya pikipiki yake.

Nyumbani kwa Rumiyati, binti wa mzee na mjane wa Paiman, wanawake walikuwa wakimenya vitunguu chini ya turubai kwa ajili ya kisomo cha jioni. Rumiyati alitoka jikoni, mikono ina unga wa mchele, uso umevimba kwa kilio. Alimwona baba yake, kisha akaiona sare ya Pamularsih, akajifuta mikono. Pamularsih alibaki kwenye ua wa mianzi. Hakutaka kusikia, na alisikia kila neno.

Mzee alisema yote akiwa amesimama. Hakumtaja meneja. Alisema mimi ndiye niliyepanga, nduk, mimi ndiye niliyejua, mimi ndiye ambaye sikurudisha. Wanawake waliacha visu.

Pamularsih alitazamia kilio, au kofi, au mlango kufungwa. Rumiyati alimshika baba yake mkono, akamketisha kwenye benchi, akapiga magoti mbele yake kwenye udongo.

"Bapak, alijua."

"Nani alijua?"

"Mas Paiman. Juma moja kabla, mkanda ulimwondokea hivyo hivyo, akaruka. Akaniambia kuna kitu kwenye ile inveta, na ni kazi ya Bapak, hakuna mwingine anayeishika. Nikamwambia, basi kamwulize. Akasema ataanzaje kumwuliza mkwewe, si itakuwa kama anamfundisha kazi? Akasema nikuambie mimi, yeye ataendelea kushuka, boila haingoji."

Mzee alifumba macho.

"Asubuhi ile ya kifo chake nilikuletea chai, Bapak, unakumbuka? Nilikaa hapo hapo ulipokaa. Nikakutazama, nikaona umechoka, nikaona haya. Nikasema moyoni, nitamwambia jioni."